Wasomaji Wauliza: Taa ya Upepo wa Matairi Isiyozimika Msimu wa Theluji

Tangu baridi ilipoanza huko kaskazini, barua nyingi zinazofika katika ukurasa huu zinazungumzia taa moja ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la chungu kilichopasuliwa katikati na alama ya mshangao ndani yake. Umbo hilo kwa hakika ni tairi lililokatwa, na taa hiyo ndiyo inayotoa taarifa za upepo wa matairi. Tumechagua barua nne ambazo, kwa bahati nzuri, kila moja inagusa upande tofauti wa tatizo lile lile.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Montréal. Mwaka huu nimenunua Toyota iliyotumika, na mwishoni mwa Novemba nikaipeleka kwenye duka la matairi ili nifungiwe matairi ya theluji ambayo jirani yangu aliniuzia yakiwa tayari kwenye rimu zake za chuma. Tangu siku hiyo, kila ninapowasha gari taa ya upepo inapepesa kwa muda wa dakika moja hivi, halafu inabaki imewaka mpaka nizime injini. Fundi aliniambia kwamba ni jambo la kawaida na nisilijali hadi theluji iyeyuke, lakini rafiki yangu mmoja ananitisha kwamba nitatozwa faini. Nani anasema kweli, na je, gari langu ni salama?
*Msomaji, Québec*

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kueleza kwamba taa inapepesa kwanza ndipo inatulia, kwa sababu maelezo hayo peke yake yamejibu nusu ya swali lako. Taa hii ina kauli mbili, na madereva wengi huzichanganya. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, inasema kwamba angalau tairi moja limepungukiwa na upepo. Ikipepesa kwa dakika moja au moja na nusu ndipo ikabaki imewaka, inasema jambo jingine kabisa: mfumo wenyewe una hitilafu, hauwezi kupima, na kwa hiyo haujui kama matairi yako yana upepo wa kutosha au hayana.

Katika gari lako, na katika Toyota nyingi zinazouzwa Amerika ya Kaskazini, ndani ya kila gurudumu hukaa sensa ndogo iliyofungwa kwenye shina la vali, yaani pale unapojazia upepo. Sensa hiyo ina betri yake, inapima upepo na joto la ndani ya tairi, na inatuma taarifa kwa mawimbi ya redio pamoja na namba yake ya utambulisho ambayo hakuna sensa nyingine iliyo nayo. Kompyuta ya gari imehifadhi namba za sensa zake, na haisikilizi nyingine yoyote, kwani bila hivyo ingekuwa inapokea habari za matairi ya gari la jirani katika maegesho. Magurudumu uliyouziwa, ama hayana sensa kabisa, ama yana sensa za gari la jirani yako ambazo lako halizitambui. Gari linaita, haliitikiwi, na linakuarifu hivyo kwa kupepesa.

Kuhusu sheria, rafiki yako amechanganya mambo mawili. Québec inalazimisha matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, na matairi hayo lazima yawe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, isipokuwa yale yenye misumari. Ukipatikana bila matairi ya namna hiyo katika kipindi hicho, utatozwa faini. Mfumo wa kupima upepo haumo katika sharti hilo, na Kanada kwa jumla haijawahi kuwalazimisha watengenezaji kuufunga. Kwa hiyo fundi wako hakuvunja sheria alipokufungia magurudumu yasiyo na sensa. Nisichokubaliana naye ni lile neno lake la kwamba usijali.

Gari lako ni salama kama yalivyokuwa salama magari yote ya zamani ambayo hayakuwa na taa hii, lakini kwa sharti moja: dereva wa magari hayo alijua kwamba hakuna wa kumpimia. Hatari ya taa inayowaka miezi mitano mfululizo ni kwamba jicho huizoea, na siku tairi litakapopata msumari na kuanza kupoteza upepo polepole barabarani, hakuna kitakachobadilika kwenye dashibodi. Ukiamua kuishi hivyo hadi theluji iyeyuke, nunua geji ya mkononi, na kila baada ya wiki mbili pima matairi asubuhi kabla gari halijatembea. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usifuate namba kubwa iliyochorwa ubavuni mwa tairi, kwa kuwa hiyo ni kiwango cha juu ambacho tairi linaweza kubeba, wala haihusiani na mahitaji ya gari lako.

Njia ninayoipendelea mimi, hasa kwa mtu anayetarajia kukaa na gari lake miaka kadhaa, ni kununua sensa nne za pili na kuzifunga kwenye rimu za baridi. Gharama yake inauma mara moja tu, kwa maana betri ya sensa hudumu kati ya miaka mitano na kumi. Hapa ndipo penye mtego unaowaangusha wengi: kufunga sensa peke yake hakutoshi, ni lazima gari lifundishwe namba mpya. Magari mengine hujifunza yenyewe baada ya mwendo wa robo saa au zaidi. Mengine humtaka fundi azunguke na kifaa maalumu kinachoiamsha sensa ya kila gurudumu kwa zamu. Toyota nyingi zinataka namba ziandikwe kwenye kompyuta kwa chombo kinachochomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani, na kazi hiyo hurudiwa kila unapobadilisha seti, majira ya baridi yanapoanza na yanapokwisha, ijapokuwa baadhi ya modeli zinaweza kukumbuka seti mbili. Uliza mapema kama duka lako lina chombo hicho na kama wanatoza kila mara. Jambo lingine dogo lenye faida kubwa: kabla matairi hayajafungwa juu ya rimu, piga picha namba iliyochapwa kwenye mgongo wa kila sensa. Itakuokolea muda siku ambayo sensa moja itagoma kuitikia.

Kuna pia sensa zinazoweza kunakiliwa, ambapo fundi husoma namba za sensa zako za kiangazi na kuziandika kwenye sensa mpya. Gari halitambui kwamba seti imebadilika, na taa hubaki imezimika bila ya kufundishwa chochote. Ni ufumbuzi mzuri kwa gari la aina yako, mradi tu usiihifadhi seti nyingine pale pale unapolaza gari, kwa sababu sensa mbili zenye namba moja zikisikika kwa pamoja, kompyuta hushindwa kujua imsadiki nani.

Kwa kuwa unaishi mahali ambapo barabara humwagiwa chumvi majira yote ya baridi, niongeze neno kuhusu vali. Sensa nyingi zina shina la alumini, na ndani yake hukaa kijivali ambacho kikiwa cha shaba ya njano tupu, chumvi na unyevu huviunganisha viwili hivyo mpaka visitengane. Baada ya majira mawili au matatu fundi akijaribu kukifungua, shina zima hukatika, na hapo sensa nzima imekwisha. Dai kijivali kilichopakwa nikeli, tumia vifuniko vya plastiki badala ya vile vya chuma vinavyong'aa ambavyo vijana wanavipenda, na kila tairi linapotolewa kwenye rimu, mwambie fundi abadilishe mpira wa kuzuia upepo, nati na kijivali. Ni vitu vya bei ndogo. Mwambie pia kwamba ndani mna sensa kabla hajaanza kulitenganisha tairi na rimu, maana mashine ikianzia kubana pale kwenye vali, sensa huvunjika hapo hapo.

SWALI: Naishi Minnesota. Matairi yangu ya theluji yana sensa zake na yalifungwa vizuri mwezi Oktoba, taa ikazimika. Sasa ni Januari, na kila asubuhi yenye baridi kali taa inawaka bila kupepesa, kisha baada ya kuendesha dakika ishirini inazimika. Dukani wanaapa kwamba waliweka upepo sawasawa na kwamba hakuna pancha. Je, sensa zimeharibika?
*Msomaji, Minneapolis*

JIBU: Sensa zako ni nzima, na huenda watu wa dukani nao wanasema kweli. Kilichobadilika ni hewa yenyewe. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi hunywea inapopoa, na kanuni ya kukumbuka ni kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10 za Farenhaiti, yaani kama nyuzi 5 na nusu za Selsiasi, tairi la gari dogo hupoteza takriban psi 1 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha upepo wa tairi).

Tufanye hesabu kwa gari ambalo kibandiko chake kinataka psi 33. Tuseme ulijaziwa ndani ya karakana yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, na sasa umeamkia nyuzi 20 chini ya sifuri. Psi 33 zimekuwa 26 na nusu, bila hata chembe moja ya hewa kutoka. Tairi lisilo na kasoro yoyote nalo hupoteza kama psi 1 kwa mwezi kupitia kwenye mpira wake, kwa hiyo tangu Oktoba umepoteza nyingine mbili au tatu, na sasa umebaki na 24 hivi. Sheria ya Marekani inataka taa iwake upepo unapopungua kwa asilimia 25 chini ya kiasi cha kwenye kibandiko, na asilimia 25 ya 33 inakufikisha karibu na 25. Umeshavuka mpaka. Ukiendesha, matairi hupata joto kwa kujikunja na kusuguana na barabara, psi kadhaa hurudi, na taa inazimika. Wengi hudhani kwamba kuzimika huko ni dalili ya kwamba tatizo limekwisha, ilhali upepo bado ni pungufu sana.

Basi jaza matairi asubuhi, gari likiwa limelala nje, mpaka ufike kiasi cha kwenye kibandiko. Ikiwa huna budi kujaza ndani ya karakana yenye joto, ongeza psi 1 kwa kila nyuzi 10 za Farenhaiti za tofauti kati ya ndani na nje. Kisha joto litakapopanda mwezi Machi usisahau kupunguza. Najua pia kwamba wengi wetu tumekulia mahali ambapo dereva akiingia kwenye mchanga au matope hupunguza upepo ili tairi lishike, na wapo wanaoihamishia hekima hiyo kwenye theluji. Kwenye lami yenye theluji na barafu haifai: tairi laini linayumba kwenye kona, halikati vizuri maji ya theluji iliyoyeyuka, na kingo zake huliwa haraka.

Ulitaja mwishoni mwa barua yako, katika sehemu ambayo sikuichapa yote, kwamba duka moja lilikataa kumfungia shemeji yako magurudumu yasiyo na sensa, ukashangaa kwa kuwa binamu yako aliyeko Kanada alifungiwa bila maneno. Tofauti ni ya kisheria. Baada ya ajali za magari ya Ford Explorer yaliyokuwa na matairi ya Firestone, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2000 sheria iliyozaa agizo la mfumo huu, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa nchini humo ni lazima liwe nao. Sheria ya Marekani humkataza pia muuzaji na fundi kukifanya kifaa cha usalama kilicholazimishwa kisifanye kazi, na kufunga magurudumu yasiyo na sensa kwenye gari ambalo mfumo wake ulikuwa mzima huhesabiwa hivyo. Katazo hilo halimfungi mwenye gari anayejifungia mwenyewe nyumbani kwake. Kwa hiyo shemeji yako asimlaumu fundi kwamba anamtafutia gharama, kwani fundi huyo alikuwa anakilinda kibarua chake.

SWALI: Mimi niko München na gari langu ni Volkswagen Golf. Hakuna sensa ndani ya magurudumu, nimethibitisha kwa fundi. Hata hivyo, siku chache baada ya kufunga matairi ya baridi, taa iliwaka. Inawezekanaje taa ikaonya juu ya kitu kisichopimwa?
*Msomaji, Ujerumani*

JIBU: Kinapimwa, ila kwa kuzunguka. Golf yako, kama magari mengine mengi ya Ulaya na baadhi ya Honda na Mazda, hutumia vipimo vya mwendo wa magurudumu ambavyo tayari vipo kwa ajili ya breki za ABS, yaani zile zinazozuia magurudumu yasigande unapofunga breki kwa nguvu. Tairi lililopungukiwa na upepo hunywea kidogo, na gurudumu lililonywea hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi ili kwenda sawa na wenzake. Kompyuta inalinganisha mizunguko hiyo na kumbukumbu iliyonayo. Umebadilisha matairi, na matairi mapya yanatofautiana kidogo na ya zamani kwa kimo, lakini kumbukumbu bado ni ya yale ya kiangazi, ndiyo maana imekushitaki.

Dawa yake ni rahisi: weka upepo sahihi katika magurudumu yote manne kabla hayajapata joto la kutembea, kisha ingia kwenye menyu ya gari, au bonyeza kitufe ikiwa modeli yako inacho, uthibitishe kwamba kiasi cha sasa ndicho cha kuhifadhiwa. Gari litajifunza upya wakati ukiendesha. Mpangilio huo usiugeuze. Mtu anayebonyeza kitufe kwanza ili taa izimike, akiahidi kwamba atajaza upepo kesho, amelifundisha gari kwamba tairi legevu ndilo la kawaida, na kuanzia hapo gari litamficha ukweli kwa utii kamili.

Udhaifu wa mfumo huu ni kwamba hufanya kazi kwa kulinganisha. Matairi yote manne yakipungua pamoja na kwa kiasi kimoja, jambo ambalo baridi hulifanya kila mwaka, mifumo ya zamani huweza kukaa kimya, na hata ile mipya iliyoboreshwa haifikii usahihi wa sensa. Geji ya mkononi bado inahitajika hapo kwako, pengine kuliko kwa yule wa Minneapolis. Na kwa kuwa Wajerumani wana desturi ya kuvaa matairi ya baridi kuanzia Oktoba hadi Pasaka, majina ambayo kwa lugha yao yote huanza na herufi O, jizoeze kwamba siku ya kubadilisha matairi ndiyo siku ya kuhifadhi kumbukumbu mpya. Angalia vilevile ubavu wa tairi: tangu tarehe 1 Oktoba 2024, tairi lenye herufi M+S (yaani matope na theluji) peke yake, bila alama ya mlima na chembe ya theluji, halihesabiwi tena kuwa la baridi nchini humo.

SWALI: Mhariri, huku Nairobi hatuna theluji, lakini nina swali la jamii hiyo hiyo. Nimeagiza gari la miaka saba kutoka Uingereza, limefika na matairi yenye alama ya chembe ya theluji, na taa inapepesa kisha inabaki imewaka. Fundi amependekeza abandike kipande cha plasta nyeusi juu yake.
*Msomaji, Kenya*

JIBU: Usikubali plasta. Inawezekana mwenye gari wa kwanza aliliuza likiwa na seti yake ya baridi isiyo na sensa, au zimo lakini betri zimekufa, jambo la kutarajiwa kabisa katika gari la miaka saba. Betri hiyo imefungiwa ndani ya sensa na haibadilishwi, hivyo ikifa hununuliwa sensa nyingine.

Matairi hayo yenyewe hayakufai. Mpira wake umetengenezwa uwe laini katika baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na kwenye lami ya Nairobi saa saba mchana utaliwa upesi na utarefusha umbali wa kusimama unapofunga breki. Utayabadilisha tu, leo au baada ya miezi michache. Siku hiyo, tairi la kwanza litakapotoka kwenye rimu, chungulia kwenye mzizi wa vali: ukikuta kijisanduku cheusi chenye ukubwa wa kiberiti, sensa ipo, na fundi mwenye kifaa cha kuziamsha ataweza kukuambia ni ipi iliyo hai. Ukikuta vali tupu, amua kama unataka kununua seti nzima. Katika hali zote mbili, kabla hujalipa hakikisha kwamba sensa ni za masafa ya redio ya megahezi 433, ambazo ndizo za magari ya Ulaya, kwa maana nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya magari ya Marekani yanayotumia megahezi 315. Ukifunga hizo, zitakaa ndani ya tairi zikituma habari usiku na mchana kwa gari lisilo na sikio la kuzipokea, na taa itaendelea kupepesa kama kawaida yake.